Mwana Ataka Kazi ya Mitaji: Asome Nini Chuo Kikuu?

Kila mwaka matokeo ya Kidato cha Sita yakishatangazwa, nyumba yangu hapa Maganzo, jirani na mgodi wa Mwadui, hupata wageni. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha hisabati katika shule za sekondari za mkoa huu wa Shinyanga kwa miaka 31, na wazazi hawajasahau njia ya kuja kwangu. Zamani walikuja kuuliza juu ya ualimu, udaktari na unesi. Siku hizi swali limegeuka. Baba husema: "Mwalimu, kijana wangu ataka kufanya kazi katika benki ya uwekezaji. Achukue shahada gani?"

Swali hilo si dogo. Nyuma yake wapo ng'ombe watakaouzwa, wapo wadogo zake wanaongoja zamu yao ya ada, na ipo miaka mitatu au minne ya ujana ambayo ikipita hairudi. Kwa hiyo nimeona yafaa nilijibu hapa gazetini, ili hata wewe ukaaye mbali, Geita, Kahama au Meatu, upate jibu bila kulipa nauli.

KAZI YENYEWE NI IPI?

Kwanza tuelewane juu ya kazi yenyewe, maana wengi hudhani ni kukaa dirishani, kupokea na kutoa fedha. Hiyo ni kazi ya benki ya kawaida, nayo ni kazi njema. Benki ya uwekezaji ina shughuli nyingine. Yenyewe husimama katikati ya wenye fedha na wenye kazi inayohitaji fedha nyingi. Kampuni yataka kufungua mgodi, au kuinunua kampuni nyingine, au mamlaka yataka kuleta maji mjini. Nao fedha zote hawana. Watu wa benki ya uwekezaji huikagua shughuli hiyo, huipima thamani yake, hutayarisha hati zake, kisha huwatafuta wenye fedha na kuwashawishi watie mitaji yao.

Sisi wa Usukumani hatuwezi kushindwa kulielewa jambo hili. Mtu mwenye ng'ombe wengi, desturi yetu ya tangu zamani ni kuwaweka wengine kwa jamaa au rafiki awafuge. Yeye hunywa maziwa na kupata samadi, wewe wabaki kuwa mwenye mali, na ugonjwa ukipiga boma moja hujapoteza wote. Lakini kabla ya kumpelekea ng'ombe wako, wauliza: Je, huyu ni mfugaji mwangalifu? Malisho yake yakoje wakati wa kiangazi? Maji yako umbali gani? Wale aliopewa na wengine wamezaa au wamekufa? Basi, mtu wa uwekezaji kazi yake ni kuuliza maswali kama hayo juu ya viwanda, migodi na mabenki, na majibu yake huyaandika kwa tarakimu.

Karatasi azishughulikiazo hasa ni za namna mbili. Mwenye hisa ni kama mtu mwenye sehemu ya ng'ombe mwenyewe: akizaa, wenye sehemu wote hugawana, akifa, wote hupata hasara. Mwenye hatifungani amekopesha tu: hulipwa riba kila muda uliopangwa, na mwisho hurudishiwa fedha yake. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998, na kampuni ya kwanza kuingia humo ilikuwa TOL, watengenezaji wa gesi ya oksijeni. Mwaka 2008 wananchi waliuziwa hisa za benki ya NMB. Mwaka 2017 Vodacom Tanzania iliuza robo ya hisa zake kwa shilingi 850 kila moja, ikakusanya shilingi bilioni 476. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ilitoa hatifungani ya miaka 10 yenye riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, ikapata zaidi ya shilingi bilioni 53 za kupanua huduma ya maji. Ukisikia habari kama hizo redioni, ujue kwamba nyuma yake walikuwapo wahasibu, mawakili na madalali wa hisa waliohesabu kwa miezi kabla ya karatasi ya kwanza kuuzwa.

Tena kuna faida ya kuwa na mtu wa namna hiyo katika ukoo. Wengi twaikumbuka DECI, ambako watu walikuwa "wakipanda mbegu" za fedha na kuahidiwa kuvuna maradufu baada ya miezi michache, mpaka serikali ilipoisimamisha mwaka 2009. Aliyevuna alilipwa kwa fedha ya aliyepanda nyuma yake, shamba halikuwapo. Mtu aliyefundishwa kupima thamani huuliza mara moja: faida hii yatoka wapi? Swali hilo moja lingeziokoa nyumba nyingi.

TUANGALIE HAPA HAPA MWADUI

Kijana akisikia neno uwekezaji, mawazo yake huruka mpaka London na New York. Mimi humwambia aanze kutazama shimo lililo nyuma ya nyumba yetu.

John Williamson alikuwa Mkanada, aliyezaliwa mwaka 1907. Aliingia Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, akikusudia kusoma sheria. Likizo moja alifuatana na wanafunzi wa jiolojia kwenda Labrador. Mawe yakamwingia moyoni, akabadili somo, naye akaendelea nalo mpaka akapata shahada ya udaktari. Mwaka 1940 aligundua almasi hapa Mwadui. Ujuzi wa mawe alikuwa nao, lakini mfuko wake ulikuwa mwepesi. Aliyemsaidia kwa fedha na kwa mashauri ya sheria ni wakili mmoja wa Mwanza, I. C. Chopra, ambaye alikuwa mbia wake.

Wa tatu ni kijana Msukuma, Paul Bomani, aliyefanya kazi katika kampuni ya Williamson miaka ya 1940. Alipoondoka hapa alikwenda Mwanza kushughulika na ushirika wa wafanya biashara, kisha wa wakulima wa pamba. Mwaka 1953 alikwenda Loughborough, Uingereza, kusoma mambo ya ushirika. Mwaka 1955 vyama vya wakulima vilijiunga kuwa muungano mmoja, Victoria Federation of Co-operative Unions, uliokuja kuwa na vinu vyake wenyewe vya kuchambua pamba. Haba na haba hujaza kibaba: fedha ya mkulima wa ekari mbili ilikutana na ya mwenzake, ikawa mtaji. Mwaka 1962 Bomani akawa Waziri wa Fedha wa Tanganyika.

Sasa msomaji, tazama masomo yao: mawe, sheria, ushirika. Hakuna hata mmoja aliyesoma shahada iitwayo uwekezaji, na wote watatu walifika kwenye shughuli ya mitaji mikubwa. Kila mmoja alikijua kitu kimoja barabara, kitu ambacho wenye fedha walihitaji kukijua.

Williamson alifariki Januari 1958, akiwa na miaka 50. Warithi wake waliuza, na mwaka ule ule mgodi ukawa wa De Beers na Serikali ya Tanganyika, nusu kwa nusu. Bei ya mgodi ilikuwa pauni zipatazo milioni 4. Je, nani alijua kwamba shimo lile thamani yake ni milioni 4, wala si 2 wala 10? Alikaa mtu akahesabu: udongo uliobaki ni tani ngapi, katika kila tani mna karati ngapi, bei ya karati ni nini, gharama ya kuchimba ni nini, na kazi itaendelea miaka mingapi. Katika biashara kama hiyo, asiyejua kuhesabu hupokea anachoambiwa.

Na habari nyingine ni ya juzi. Mwaka 2021 Petra Diamonds, waliokuwa wakiendesha mgodi huu, waliuza jiwe la waridi la karati 32 kwa dola milioni 13.8, likiwa bado ghafi. Katika mkataba walijiwekea haki ya kupata sehemu ya faida itakayopatikana baada ya jiwe kukatwa na kung'arishwa. Oktoba 2022 almasi ya karati 11.15 iliyokatwa katika jiwe hilo iliuzwa mnadani Hong Kong kwa zaidi ya dola milioni 57. Mchimbaji alilitoa jiwe ardhini, lakini ni mstari mmoja katika mkataba uliowarudishia wauzaji sehemu ya nyongeza ile. Mtu wa kuufikiria mstari huo na kuuandika ndiye tunayemtafutia shahada.

MTIHANI WA KWANZA NI HISABATI

Mzazi akishaniletea kijana, simwulizi kwanza ataka chuo gani. Nampa penseli na karatasi, nampa hesabu tatu.

Ya kwanza ni nyepesi. Umekopesha shilingi 1,000,000 kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Kila mwaka wapata nini? Shilingi 135,000. Karibu wote hujibu.

Ya pili: Mtu akuahidi shilingi 1,000,000 baada ya miaka 5. Ikiwa fedha yako mahali pengine ingekua kwa asilimia 10 kila mwaka, ahadi yake ina thamani gani leo? Hapa kijana shurti agawanye kwa 1.1 mara tano. Atapata kama shilingi 620,900. Fedha ya kesho ni ndogo kuliko fedha ya leo, na jambo hilo ndilo msingi wa kazi yote ya mitaji.

Ya tatu: Mashine ya kusaga mawe yauzwa shilingi 10,000,000. Itakuachia shilingi 3,000,000 kila mwisho wa mwaka kwa miaka 4, kisha ni chuma chakavu. Je, uinunue? Wengi husema haraka: "Nitapata milioni 12, faida ni milioni 2, nainunua." Lakini ukizirudisha zile milioni tatu tatu kwenye thamani ya leo kwa asilimia ile ile 10, jumla haifiki 10,000,000, ni kama 9,510,000. Ni hasara iliyovaa nguo ya faida.

Simhukumu kijana kwa kukosea. Namtazama baada ya kukosea. Yuko anayechoka na kutazama simu yake. Huyo humwambia baba yake waziwazi kwamba mwana ana vipaji vingine, na kazi hii itamtesa. Yuko mwingine anayerudi asubuhi, hana hata chai tumboni, anasema: "Shikamoo mwalimu, nimeona nilipokosea." Huyo, awe mvulana awe msichana, mpeleke.

Ikiwa mwanao bado yumo Kidato cha Nne, mtihani huu ni wa kufanya mapema. Mchepuo wa Kidato cha Tano hufungua milango na kufunga mingine. EGM, yaani uchumi, jiografia na hisabati. PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati. Na ECA, yaani uchumi, biashara na uhasibu, hiyo ndiyo njia iliyonyoka. Aliyekimbia hisabati akiwa na miaka 17 atazikuta shahada nyingi za fungu hili zimemfungia mlango akiwa na miaka 20.

SHAHADA ZENYEWE

Sasa tuzipime moja moja, kama tupimavyo pamba.

Uhasibu na fedha. Hii ndiyo njia kuu kwa mtoto wa kijijini, nami huisifu. Hufundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo cha Usimamizi wa Fedha kilichoanzishwa mwaka 1972, Mzumbe na vyuo vingine. Karibu nasi, Mwanza, kipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kilichotokana na chuo cha Nyegezi na kuwa chuo kikuu mwaka 1998, nacho hufundisha biashara na uhasibu. Mwenye shahada ya uhasibu husamehewa baadhi ya mitihani ya mwanzo ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, na akimaliza iliyobaki hupata cheti cha CPA. Watu wengi wa mitaji nchini mwetu walipita mlango huu: kwanza ukaguzi wa hesabu, kisha benki. Mali bila daftari huisha bila habari, na kila kampuni yahitaji mtu wa daftari.

Uchumi. Ni elimu pana. Humfunza mtu kwa nini bei hupanda, kwa nini shilingi hushuka, na serikali hukopaje. Dk. Charles Kimei, aliyeiongoza benki ya CRDB tangu mwaka 1998 mpaka 2018, ni mchumi. Lakini mchumi asiyejua kusoma hesabu za kampuni atapata taabu mlangoni. Achukue na masomo ya uhasibu humo humo.

Hisabati, takwimu, na hesabu za bima. Hii ya mwisho ni elimu ya kupima hatari: watu wangapi kati ya elfu wataugua, mvua itakosekana mara ngapi katika miaka 20, na mfuko wa pensheni uwe na akiba kiasi gani. Ni ngumu, na wanaoimaliza si wengi. Anayeiweza hatafutiwi sifa nyingine.

Jiolojia na uhandisi wa madini. Wazazi wa huku huisahau hii, nao ndio wangeikumbuka kwanza. Mabenki ya London, Toronto na Johannesburg yanayotoa fedha kwa migodi huajiri wajiolojia na wahandisi, kwa sababu mhasibu peke yake hawezi kujua kama dhahabu iliyoandikwa kwenye ripoti kweli imo ardhini. Kijana aliyekua kati ya Mwadui na Geita, akasoma mawe, kisha akajifunza fedha, ana jambo la kumwambia mwenye fedha. Wahandisi wengine nao wamefika mbali katika mitaji: marehemu Ali Mufuruki alisoma uhandisi wa mitambo Ujerumani, akaja kuwa mwekezaji mkubwa nchini.

Sheria. Hati za hisa na mikataba ya kuuziana makampuni huandikwa na wanasheria. Kijana apendaye kusoma sana na kuandika kwa uangalifu, naye haogopi tarakimu, apitie huku. Kama aziogopa, abaki mahakamani.

Mtasikia kwamba huko Ulaya benki kubwa huajiri hata waliosoma historia na lugha. Ni kweli. Lakini mara nyingi hao wametoka katika vyuo vikuu vichache vyenye jina, na benki yenyewe huwafundisha kazi upya. Mtoto wetu hana jina la chuo la kumtangulia; shurti ujuzi wake ndio umtangulie.

Jihadharini na shahada zenye majina marefu. Mwana wa jirani yangu mmoja alisoma katika chuo ambacho sitakitaja, kozi ambayo jina lake lilijaza mstari mzima. Alipopeleka barua za kuomba kazi, waajiri walimwuliza: "Wewe ni mhasibu?" Hapana. "Mchumi?" Kidogo. "Wajua takwimu?" Kidogo. Kijana ana akili na adabu, na kosa halikuwa lake. Alifundishwa vipande vya kila kitu.

BARAZA LA UKOO

Niruhusuni nieleze yaliyotokea katika nyumba ya dada yangu. Binti yake, mpwa wangu, alimaliza Kidato cha Sita kwa mchepuo wa PCM na alama nzuri ya hisabati. Baba yake, shemeji yangu, ni fundi wa mitambo, na mfugaji mdogo. Baba zake wakubwa waliitisha kikao. Wao walitaka binti aende chuo kimoja cha kulipia, asome biashara ya kimataifa, kwa sababu karatasi ya matangazo ilikuwa na picha ya ghorofa ndefu na watu waliovaa tai. Binti alitaka kusoma hesabu za bima Dar es Salaam.

Wazee walinuna. Mmoja alisema, "Bima ni ya magari. Tumemsomesha mtoto aende kubandika karatasi kwenye vioo vya magari?" Shemeji alinyamaza muda mrefu, kisha akamwambia binti: "Mama, nimekwisha kuuza ng'ombe sita tangu uingie sekondari. Nieleze mimi, kwa lugha yangu."

Binti akaomba njugu mawe jikoni, akazimwaga mkekani. "Baba, hizi ni ng'ombe mia za kijiji. Kila mwaka hufa nane, ila hatujui zitakuwa za nani. Kila mwenye ng'ombe akitoa fedha kidogo kwa ng'ombe mmoja, tutaweza kuwalipa waliofiwa. Kazi yangu ni kujua hicho kidogo ni kiasi gani. Nikikadiria chini, mfuko utakufa. Nikikadiria juu, watu wataukimbia. Watu wa mitaji hufanya hesabu hiyo hiyo juu ya kampuni."

Ndipo shemeji akauliza swali ambalo, katika miaka yangu yote ya ualimu, sijapata kusikia lililo bora kuliko hilo: "Na hao wa benki ya uwekezaji wakikukataa, utakula nini?"

Binti alikuwa na jibu. Alitaja makampuni ya bima, mifuko ya hifadhi ya jamii, ofisi za ukaguzi wa hesabu, na mwisho akasema aweza kufundisha hisabati. Baba yake akasema, "Haya, nenda." Kikao kikafungwa, ingawa si wote waliopendezwa.

Sitawadanganya kwamba mambo yakawa mteremko. Alipomaliza alikaa miezi 14 bila ajira, akifundisha watoto wa watu masomo ya jioni kwa malipo ya nauli na chakula. Wale baba wakubwa hawakuacha kumkumbusha shemeji maneno yao. Kisha alipata nafasi katika ofisi ya wakaguzi, akakaa humo miaka miwili. Sasa yumo katika ofisi ya dalali wa hisa. Mshahara wake si ule unaosimuliwa vijiweni, lakini mdogo wake wa kiume analipiwa ada na dada yake, na ng'ombe wa shemeji wamebaki zizini.

Swali lile la shemeji ndilo kipimo ninachowaachia. Kazi za benki ya uwekezaji nchini mwetu ni chache sana. Wako madalali wa hisa wachache, idara za mitaji za mabenki, mifuko ya pensheni, mifuko ya uwekezaji wa pamoja kama UTT, na Benki Kuu. Vijana wazitakao ni wengi. Basi chagua shahada ambayo itamfundisha mwana kupima thamani ya kitu kwa hesabu, na ambayo itamlisha hata kama mlango ule haukufunguka.

MZAZI AFANYE NINI?

Kwanza, kabla ya kulipa hata shilingi, hakikisha kozi imo katika kitabu cha mwongozo ambacho Tume ya Vyuo Vikuu hukitoa kila mwaka. Isipokuwamo, acha.

Pili, elewa mkopo. Bodi ya Mikopo huwasaidia wengi, lakini ni deni. Mtoto akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Mwenye mshahara wa shilingi 800,000 atakatwa 120,000 kila mwezi. Usimhesabie mwanao mshahara mzima, ukamwekea mzigo wa ukoo mzima.

Tatu, asingoje mwaka wa mwisho kutafuta ofisi ya kujifunzia kazi. Aanze kuandika barua mwaka wa pili. Na akimaliza shahada, masomo hayajaisha. Iko mitihani ya CPA niliyoitaja, na iko mitihani ya kimataifa ya CFA, yenye ngazi tatu, ambayo hupokea watu wa shahada yoyote. Ni ghali, hulipwa kwa dola; afadhali asubiri mpaka apate kazi.

Nne, na hili halina gharama. Mabenki yetu hutangaza hesabu zao magazetini kila miezi mitatu. Mara nyingi ukurasa huo hufungiwa vitumbua. Mpe mwanao ukurasa huo jioni, mwambie akueleze kwa Kisukuma au kwa Kiswahili: benki hii imekopesha nini, imepata nini, na ni mikopo mingapi hailipiki. Akiweza kumweleza bibi yake mpaka bibi akauliza swali, huyo ameanza kazi tayari. Asipoweza mwaka huu, ajaribu tena mwaka ujao. Ukurasa utatoka tena.

Ndugu msomaji, almasi za Mwadui zimechimbwa tangu mwaka 1940, na mara nyingi bei yake imepangwa katika vyumba ambamo hakuna mtoto wa Kishapu aliyekaa. Ng'ombe wako mmoja aweza kumfikisha mmoja wao mezani pale. Kabla hujamwuza, mketishe mwanao, mpe penseli, na umwulize swali la shemeji yangu. Kisha umsikilize mpaka amalize.